Mgeni wa Siku Elfu Moja

Pantoni ya Kigamboni inapogusa gati la Magogoni alfajiri, abiria hugawanyika. Wafanyakazi wa ofisini hukata kushoto kuelekea Posta. Wachuuzi wenye ndoo hukata kulia kuwahi mnada wa samaki pale Feri. Kundi la tatu ni dogo, na asiyelijua halioni: huifuata barabara ya ufukweni, hupita nyuma ya ukuta wa Ikulu, hadi kwenye majengo ya kale ya Wajerumani ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Katika kundi hilo yumo mama aliyembeba mtoto mgongoni, ingawa mtoto amefikia umri wa kwenda shule na miguu yake inaning'inia hadi magotini pa mama. Mkononi ana bahasha ya kaki yenye picha za eksirei na karatasi ya rufaa. Begani ana mfuko wa shangazi kaja. Ukiuona mfuko ule karibu na lango la hospitali, ujue aliyeubeba hakutoka Temeke.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini muda wa kutosha kujua kwamba daktari na mama huyu huanza mazungumzo yao wakiwa na maswali mawili tofauti. Daktari amejiandaa kueleza uvimbe ni wa aina gani, umefika wapi, dawa ipi itaanza. Mama anasikiliza kwa adabu, anaitikia, na moyoni anauliza: leo nitalala wapi, na kesho, na siku mtakayonipa ruhusa? Swali hilo hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kama vile anaomba kitu kisichohusiana na matibabu. Kwangu mimi linahusiana nayo kuliko mengi yanayoandikwa kwenye faili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walioisema methali hiyo hawakuwa wachoyo. Walikuwa wakulima waliojua ghalani kumebaki nini na mvua iko mbali kiasi gani. Sasa ipime kwa saratani ya damu, ile inayoshika chembe nyeupe na ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi: matibabu yake huchukua miaka miwili hadi mitatu. Ni kama siku elfu moja. Ndugu wa Mbagala mwenye chumba na sebule hana jembe la kumpa mgeni wa namna hiyo, wala hana shamba.

Na ndugu huyo hupokea kweli. Nisingependa mtu asome hapa malalamiko juu ya watu wa mjini. Wiki ya kwanza unapikwa wali, watoto wa nyumbani wanahamia mkekani, mgonjwa anapewa kitanda. Kisha kemo inaanza kufanya kazi yake. Mtoto anatapika usiku, nywele zinatoka, choo ni kimoja kwa wapangaji watano, na jirani anauliza kama ugonjwa ule hauambukizi. Saratani haiambukizi, lakini mama anayeishi kwa hisani ya shemeji yake hawezi kusimama uani kutoa somo. Wakati huohuo watoto wa nyumba ile wanakohoa, na kikohozi chao, ambacho kwao ni cha siku tatu, kinaweza kumwua mgeni wao.

Hapa ndipo tiba yenyewe inapoeleza kwa nini malazi si hisani. Tibakemia, ambayo wodini kila mtu huiita kemo, haitolewi mfululizo. Hutolewa kwa mizunguko: dawa siku kadhaa, kisha mapumziko ya wiki mbili au tatu mwili ujirudishe, kisha dawa tena. Katika mapumziko hayo, hasa wiki ya pili baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka na mtoto hubaki karibu bila kinga. Homa ikipanda wakati huo ni dharura. Anatakiwa apate antibiotiki ya mshipa haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja, kwa sababu wadudu wanaoingia kwenye damu isiyo na askari hawangoji asubuhi. Saa moja! Kwa aliye Upanga, saa moja inatosha kufunga khanga, kuita bajaji na kufika. Kwa aliye Chanika usiku wa mvua, haitoshi. Na kwa aliyerudishwa kijijini Kibondo kupumzika hadi tarehe ya kliniki, homa ni homa: anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, anapewa vidonge. Aliyetoa vidonge hakukosea kwa alichokijua. Kosa lilifanyika siku mtoto alipoambiwa nenda nyumbani, urudi baada ya wiki tatu.

Kuna jambo jingine, la ajabu zaidi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Baadaye alisafiri kwa gari maelfu ya maili kupita Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, akiuliza hospitali kwa hospitali kama nao wanauona. Saratani hiyo leo ina jina lake. Hukua kwa kasi ya kutisha, na kwa dawa huyeyuka kwa kasi hiyohiyo. Mtoto aliyeingia wodini shavu limevimba, meno yamelegea, jicho limesukumwa nje, siku chache baada ya dripu ya kwanza uso umerudi. Mama analia kwa furaha. Baba aliyeko kijijini anatumiwa picha kwa simu, naye anasema basi Mungu mkubwa, rudini, mahindi yanaharibika. Nani atamlaumu? Mtoto amepona kwa macho. Lakini mbegu zilizobaki ndani hazionekani kwa macho, na anaporudishwa miezi miwili baadaye, uvimbe uliorudi haujali tena dawa ile ya kwanza.

Saratani ya damu nayo ina mtego huohuo. Mwezi wa kwanza ukienda vizuri, vipimo havionyeshi ugonjwa, mtoto anakimbia. Bado ana miaka miwili ya dawa mbele yake.

Hospitali huita jambo hili kuacha matibabu. Sijawahi kulipenda neno hilo, kwa sababu linamweka mzazi mahali pa mkosaji. Hebu tufanye hesabu pamoja. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa takriban kilomita 1,250. Mtoto anayetakiwa kliniki mara moja tu kwa mwezi kwa miaka miwili, akienda na kurudi, atasafiri kilomita 60,000, mara moja na nusu ya mzunguko wa dunia, akiwa na mama yake kwenye kiti cha basi, mwili hauna kinga. Kila safari ni nauli ya watu wawili, ni kuku aliyeuzwa, kisha mbuzi, kisha kipande cha shamba. Familia ile haijaacha matibabu. Imeishiwa barabara.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kimataifa wa saratani za watoto, kwa lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Katika nchi tajiri tayari wanapona zaidi ya asilimia 80. Katika nchi nyingi za kipato cha chini ni chini ya asilimia 30. Pengo hilo lina sababu nyingi: kuchelewa kugundua, uhaba wa dawa, uhaba wa wataalamu, na hao waliotoweka katikati ya dozi. Sababu tatu za kwanza zinahitaji mashine, viwanda na miaka ya kusomesha watu. Ya nne kwa sehemu kubwa inahitaji vitanda, jiko, nauli na mtu wa kupiga simu.

Dar es Salaam tunao ushahidi wa hilo, tena haufichiki. Huduma za saratani ya watoto, isipokuwa mionzi, zilihamishwa kutoka Ocean Road kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na shirika la Tumaini la Maisha, likifanya kazi na hospitali, likaanza kubeba yale ambayo faili la mgonjwa halina safu yake: nauli, chakula, michezo na masomo ya watoto, na nyumba ya kulala wageni wa mbali, inayoitwa Ujasiri House. Daktari Trish Scanlan kutoka Ireland, ambaye jina lake halitengani na kazi hiyo, alikuja nchini kutibu saratani. Ni jambo la kutafakari kwamba daktari wa saratani hujikuta mwenye nyumba.

Ukiitazama nyumba ya namna hiyo kwa jicho la mtaalamu, utaona kwamba ubora wake hauko kwenye magodoro. Uko jikoni. Mama aliyekaa wodini miezi miwili akipokea chakula cha kugawiwa anapopewa sufuria na moto akasonga ugali wake mwenyewe, akamwekea mwanawe mlenda alivyoupenda, kitu fulani kinamrudia. Pia mtoto anakula, na mtoto anayekula hustahimili dawa. Maji yanachemshwa, mikono inanawishwa, kipimajoto kipo, na yupo mtu anayejua kwamba nyuzi 38 si za kungoja. Na wapo akina mama wengine. Aliyetangulia miezi sita anamwambia mgeni: nywele zitaota, usiogope, akitapika mpe uji mwepesi kidogokidogo, siku ya sindano ya mgongo mshike hivi. Somo hilo hakuna daktari anayeweza kulitoa, kwa sababu daktari hajawahi kuwa mama wa kitanda namba sita.

Hospitali yenyewe hufaidika. Pasipo nyumba ya jirani, daktari mwenye huruma humbakiza mtoto wodini katika wiki zake za mapumziko, kwa kuwa anajua akimruhusu hatamwona tena. Kitanda kinashikwa na asiyehitaji dripu, na yule mpya aliyeletwa usiku kutoka Lindi analazwa na mwenzake kitanda kimoja, wote wawili kinga zao ziko chini. Kitanda cha wodi kina nesi, oksijeni, dawa na vipimo nyuma yake. Ni kitanda ghali mno kukitumia kama gesti.

Na gesti za kweli je? Kariakoo imejaa: Gerezani, Msimbazi, mitaa ya nyuma ya Lumumba. Ni za wafanyabiashara waliokuja kufunga mzigo, wanaolala usiku mmoja au miwili na kuamkia dukani. Wazazi huzitumia siku za mwanzo, kabla fedha haijakata. Hawezi mtu kukaa huko siku elfu moja, hata mhudumu awe na moyo gani.

Wenzetu walifikaje kwenye nyumba za namna hii? Ulaya ilianzia mahali pabaya kuliko sisi. Hadi miaka ya 1950 hospitali nyingi za Uingereza zilimpokea mtoto mlangoni na kumrudisha mama nyumbani. Kumwona ilikuwa kwa saa maalumu, mahali pengine mara moja kwa wiki. Mwaka 1952 James Robertson alipiga filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa peke yake, na waliomwona yule binti akijikaza asilie hawakumsahau. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Sir Harry Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe. Kwetu hakukuhitajika filamu. Mama wa Kitanzania amelala na mwanawe wodini, kitandani au chini ya kitanda, tangu wodi zilipokuwepo. Ndiyo maana tatizo letu lilifichika: tulidhani mama akishaingia wodini, malazi yamekwisha. Hatukuhesabu wiki za katikati.

Marekani walizihesabu. Huko Philadelphia, daktari wa saratani za watoto Audrey Evans alichoka kuwaona wazazi wakilala kwenye viti vya hospitali. Fred Hill, mchezaji wa timu ya Eagles, alikuwa na binti mwenye saratani ya damu. Zikakutana haja mbili, na mwaka 1974 ikafunguliwa nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald, sehemu ya fedha ikitokana na kinywaji cha maziwa cha rangi ya kijani kilichouzwa na mikahawa ya kampuni ya McDonald's. Leo nyumba hizo ni mamia katika nchi nyingi. Kampala nako Bless a Child Foundation wana nyumba kwa watoto wanaotibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kote huko wazo ni lilelile, na kote huko kinachotofautiana ni nani analipa bili ya umeme mwaka wa kumi.

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu kwetu. Nyumba tuliyonayo inaishi kwa wafadhili, na wafadhili hubadili vipaumbele. Bima hulipia daktari, kipimo, dawa na kitanda cha wodi. Sera ya msamaha humwondolea ada mtoto wa chini ya miaka mitano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua kubwa, lakini kadi ya bima haiwezi kulaliwa.

Mtu ataniambia Serikali haijengi nyumba za kulala wageni. Si kweli, inajenga. Kwenye vituo vya afya na hospitali nyingi za mikoani kuna nyumba za wajawazito kungojea siku zao, ambazo sehemu nyingine huitwa chigonella, jina ambalo mtu wa lugha za kusini na kati atasikia ndani yake kugona, yaani kulala. Mjamzito anayeishi mbali huja wiki kadhaa kabla, anapika, anangoja, uchungu ukimshika yuko hatua chache kutoka chumba cha kujifungulia. Hakuna anayeiita ile anasa. Tulishakubali kama taifa kwamba umbali unaua na kwamba kitanda karibu na hospitali ni kinga. Kilichobaki ni kuupeleka uamuzi huo kwa mtoto wa saratani, na kwa wenzake wasiotajwa sana: wa moyo wanaongoja zamu Taasisi ya Jakaya Kikwete, wa kichwa kikubwa na mgongo wazi walioko Taasisi ya Mifupa, MOI, na wa figo anayetakiwa mashineni mara kadhaa kila wiki. Wote hawa wako ndani ya uzio mmoja wa Muhimbili. Nyumba moja ingewatosha kuanzia.

Nitajibu pia hoja ya wanaosema tupeleke matibabu mikoani, nyumba hazitahitajika. Kupeleka ni lazima, na kazi imeanza: Bugando, KCMC, Mbeya na kwingine watoto wanatibiwa. Lakini Bugando ni Mwanza, na Ngara si Mwanza. Kila kituo kitakachofunguliwa kitahitaji vitanda vyake nje ya wodi, tena tangu siku ya uzinduzi.

Fedha zitoke wapi? Natazama kutoka Muhimbili kuelekea Kariakoo, mwendo wa miguu, na sioni umaskini. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliotolewa mbali na kwao kubeba mizigo ya vita, wakalala pale. Kabla yao alikuwepo Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya bara: vitambaa, shanga, wapagazi. Alitoa mali yake hospitali ijengwe Dar es Salaam, akafa mwaka 1897, na historia ya Muhimbili huanzia kwenye hospitali hiyo yenye jina lake. Wodi ya Sewa Haji ipo hadi leo. Aliyeishi kwa migongo ya wabeba mizigo aliona ni haki wapate pa kutibiwa. Misikiti ya Kariakoo inajua wakfu ni nini: duka moja Mtaa wa Kongo likiwekwa wakfu, kodi yake ya kila mwezi ingelipa umeme, maji na mkaa wa nyumba nzima bila kusubiri barua kutoka Ulaya. Makanisa yana viwanja. Na Magogoni na Kivukoni, ambako wizara zilikuwa kabla ya kuhamia Dodoma, kila jengo la umma linapopangiwa matumizi mapya, mtu mmoja kwenye kikao aulize kama ghorofa moja ingewafaa wazazi walioko Ocean Road, ambako mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki, na mgonjwa halazwi.

Wanaojenga wasisahau baba. Wodi ya watoto usiku ni ya akina mama, na ndivyo inavyostahili. Baba aliyeuza ng'ombe akasafiri siku mbili anajikuta kwenye benchi la nje, kisha anarudi kijijini kwa aibu ya kutokuwa na kazi ya kufanya. Mpe chumba cha wanaume, mpe daftari la tarehe za dawa alisimamie. Anaposikia kwa masikio yake mwenyewe daktari akisema uvimbe umeyeyuka lakini haujaisha, ndiye atakayewaambia wazee nyumbani kwamba bado.

Wakumbuke pia chumba cha siku mtoto asiporudi kutoka wodini. Nimekaa na mama usiku huo zaidi ya mara moja. Mambo mawili huja kwa pamoja, msiba na bei ya kusafirisha mwili, na la pili halimpi nafasi ya kulia la kwanza. Nyumba iliyopangwa vizuri ina fungu la safari hiyo tangu siku ya kumpokea mgeni, haliulizwi wala kuombwa. Wenzake wa jikoni hukunja nguo zake, huzipanga kwenye shangazi kaja, na mmoja wao humsindikiza hadi stendi ya Mbezi, kisha hurudi kabla ya saa ya dawa ya mwanawe.